Neno Lenye Mashahidi Wawili

Skellgarth,
14 Oktoba 1962

Mdogo wangu Thora,

Kwa majonzi makubwa nakutangazia kifo cha buli la chai la marehemu Mama, kilichotokea Alhamisi iliyopita saa nne asubuhi, hapa hapa jikoni, baada ya kuponyoka mkononi mwa mtu ambaye familia imeomba jina lake lisitajwe. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na minne. Ameacha kifuniko kimoja na vikombe vitano. Mazishi yalifanyika nyuma ya banda la nguruwe, na aliyehubiri ndiye aliyeua.

Baada ya tangazo hilo, u hali gani huko Bristol? Kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na Baba, katika mwaka wake wa sabini na tisa, bado ananiambia kwamba nikikua nitaelewa mambo. Nina miaka hamsini na miwili, Thora. Sijui anangoja nini.

Sasa nije kwenye haja yangu. Unalikumbuka sanduku la mabuti lililokuwa juu ya kabati, lile lenye kadi za maneno. Limekuwa masanduku matatu. Kadi zimepita elfu mbili, kila moja na neno la Kiingereza cha bondeni kwetu ambalo wazee wanazikwa nalo. Bwana Spensley, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini, amekubali kuzitoa kitabu, mradi apate kurasa zilizopigwa taipu kabla ya tarehe ishirini na tano Machi. Mwandiko wa Baba ameukataa. Anasema kuku wake wanaandika vizuri zaidi, na wana haraka kidogo.

Jumatatu tulikuwa mezani. Baba akauambia uji wake, "Kuna watu wanajua taipureta."

"Wapo," nikasema.

"Wengine walisomeshwa kwa jasho la watu."

"Thora anayo taipureta, Baba."

"Sikutaja jina la mtu."

Hivyo ndivyo ulivyoombwa. Zaidi ya hapo usitegemee.

Najua mlivyoachana siku tuliyomzika Mama. Nilikuwa nimesimama kati yenu na sinia la nyama ya paja, sina pa kuliweka. Nilimsikia akikuambia kwamba amelea binti anayelipwa kung'oa midomoni mwa watoto maneno yale yale anayoyaokota yeye, na kwamba usirudi mpaka ukumbuke kusema kama sisi. Nikakusikia ukimjibu kwa Kiingereza cha redioni, kila herufi imepigwa pasi. Miaka tisa sasa. Mimi sina la kuwafundisha nyote wawili. Nasema tu kwamba sanduku lipo, na yeye hatakuwepo siku zote.

Kaka yako,
Ambrose


Bristol,
23 Oktoba 1962

Kaka Ambrose,

Pole kwa msiba. Siku zote nilijua buli lile lingekufa mikononi mwako; hata Mama alilijua, ndiyo maana alikuwa akikumiminia mwenyewe.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Wanafunzi wangu mwaka huu ni wasichana ishirini na sita, na wote wanasema "maji" kana kwamba wana viazi moto mdomoni. Ninawatengeneza. Ndiyo kazi yangu, na sitaiombea radhi kwenye barua.

Nitapiga taipu. Usimwambie Baba kwamba nimefurahi. Mwambie nina nafasi siku za Jumamosi.

Nina masharti mawili. La kwanza, nataka kadi zenyewe, si nakala zako, maana unanakili kama unavyobeba buli. La pili, nikiwa na swali kuhusu maana ya neno, atanijibu yeye. Wewe uandike anachokisema, bila kuongeza sukari. Nakujua, Kaka. Tangu tukiwa wadogo ulikuwa ukibeba ujumbe kati ya Mama na Baba, na kila ujumbe ulifika mtamu kuliko ulivyoondoka.

Goti lako ulikande kwa mafuta ya moto.

Dada yako,
Thora


Skellgarth,
11 Novemba 1962

Mdogo wangu Thora,

Salamu kutoka kwenye matope. Natumaini umeamka vizuri na kifua kimekuachia. Hapa kondoo dume wamepelekwa kwa majike, na Baba amesimama langoni siku nzima kuwasimamia, ingawa wao hawajawahi kuomba msaada.

Nilimsomea barua yako. Niliruka tu pale pa kufurahi, kama ulivyotaka, lakini alininyang'anya karatasi akapasoma mwenyewe. Kisha akasema, "Kabla sijatoa kadi zangu, muulize 'rigwelted' ni nini."

"Baba, Thora ni mwalimu wa Kiingereza."

"Ndiyo maana namuuliza."

Basi umeulizwa. Jibu kwa kichwa chako, usifungue kamusi. Anasema atajua.

Amenilazimisha pia nikuandikie kanuni yake, ingawa umelala nayo na kuamka nayo utoto wako wote. Neno haliingii sandukuni mpaka wazee wawili waliovuka miaka sabini walitamke bila kuulizwa, kila mmoja kwa wakati wake. Ukimwuliza mzee, "Kitu hiki mnakiitaje?" atakutungia neno papo hapo ili uondoke mlangoni kwake. Majina ya mashahidi na umri wao yako chini ya kila kadi. Uyapige taipu nayo, asikose hata mmoja. Mwezi uliopita mchungaji wetu mpya alileta neno zuri sana alilolisikia kwa shangazi yake.

"Shangazi ni mmoja," Baba akamwambia.

"Lakini ni mtu mkweli kabisa, Bwana Harker."

"Mkweli mmoja."

Mchungaji akanywa chai yake akaondoka na neno lake.

Nimekuwekea humu kadi za A hadi H. Aliniona nikizifunga kwenye karatasi na hakusema kitu. Kwake hiyo ni hotuba ya kuruhusu.

Kaka yako,
Ambrose


Bristol,
26 Novemba 1962

Kaka Ambrose,

Natumaini nyote mmeamka salama na baridi haijaanza kuwala. Mimi sijambo.

Msomee Baba haya kama yalivyo.

"Rigwelted" ni kondoo aliyeanguka chali, manyoya yamelowa yakamwelemea, miguu iko juu na hawezi kujigeuza. Asipopata mtu, anakufa akiwa mzima kabisa, hana hata jeraha. Nilikuwa na miaka minane nilipomkuta mmoja. Alikuwa karibu na ukuta wa juu, penye lile tundu la kupitia sungura. Baba alisimama hatua thelathini kutoka pale, mikono mfukoni, akaniacha nihangaike naye peke yangu. Nilimshika manyoya ya ubavuni, nikasukuma kwa goti, nikaanguka mara mbili kwenye kinyesi. Aliposimama ilinibidi nimwegemee mpaka miguu yake iache kutetemeka, kwa sababu nilishaonyeshwa kwamba ukimwachia mapema anaanguka tena. Ndipo Baba akaja akanipa lile neno. Hakusema asante. Alinipa neno, nami nikalibeba mpaka nyumbani kama yai.

Mwulize kama nimefaulu.

Kadi za A hadi H nimezimaliza, nazirudisha pamoja na barua hii. Nina swali moja tu, kwenye "heaf". Ameandika hivi: "Kipande cha mlima ambacho kondoo hukijua kwa kufundishwa na mama yake. Hahitaji uzio." Mashahidi wapo, maana iko wazi. Ninachotaka kujua ni hiki. Kondoo akichukuliwa mbali, akakaa malisho mengine kwa muda, tuseme miaka tisa, je, akirudishwa bado anacho kile kipande? Na wenzake waliobaki watampisha?

Ni swali la kitabu tu. Wasomaji watauliza.

Dada yako,
Thora


Skellgarth,
20 Desemba 1962

Mdogo wangu Thora,

Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini u mzima na wasichana ishirini na sita wameanza kutema viazi. Baba alipatwa na mafua ya kifua mwanzoni mwa mwezi, sasa ametulia, anakaa karibu na moto. Mikono inamtetemeka, kwa hiyo mwandiko utakaouona kwenye kadi mbili tatu ni wangu.

Anasema umefaulu.

Kuhusu swali lako, ameniambia niandike hivi: "Kondoo aliyejifunza kipande chake kwa mama yake hakisahau, hata akikaa miaka tisa kwenye malisho ya watu, hata akinyolewa manyoya kwa mtindo wa huko. Akirudi atapanda mwenyewe mpaka pale pale. Na mlima haumwulizi alikuwa wapi. Aliyefunga lango alikuwa mtu mwenye hasira, na hasira imekwisha, na lango halina komeo." Ndivyo alivyosema.

Usihangaike kuja Krismasi. Treni zimejaa na nyumba ina moshi, bomba linataka kusafishwa. Njoo Pasaka, jua likiwepo na kitabu kikiwa kimekwenda kwa Spensley. Itakuwa vizuri zaidi.

Nimekuwekea kadi za I hadi O. Krismasi njema, mdogo wangu. Bi Ibbotson wa jirani ametuletea keki, na jibini ipo.

Kaka yako,
Ambrose


Bristol,
27 Desemba 1962

Kaka Ambrose,

Baada ya salamu nyingi za sikukuu: barua yako ilinifikia mkesha wa Krismasi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimetoka nje bila kofia. Sina zaidi ya kukuambia juu ya hilo.

Nitakuja Pasaka. Nimeshamwambia mwalimu mkuu. Theluji imeanza huku nako. Wanasema huko kwenu ni nyingi zaidi. Nimewatumia buli jipya kwa posta. Ni la kahawia, nene kama Shangazi Dinah. Baba ndiye atakayelishika. Wewe uliangalie kwa mbali.

Sasa nakuomba umsomee haya polepole.

Baba, kuna jambo sijamwambia mtu. Miaka minne sasa, kabla sijaling'oa neno mdomoni mwa msichana, naliandika kwanza kwenye daftari. Wa kutoka bandarini wana yao, wa kutoka vijijini wana yao. Nina mia mbili na kumi. Mengi yana shahidi mmoja tu, na ni shahidi wa miaka kumi na miwili, kwa hiyo kwako hayafai. Lakini nimeyaweka. Nilitaka ujue kwamba kazi ninayoifanya mchana, jioni nakaa na kuijutia kidogo. Sikutaka kukubali siku ile, mbele ya jeneza la Mama. Asante kwa uliyosema kuhusu lango.

Binti yako,
Thora


Bristol,
3 Februari 1963

Kaka Ambrose,

Natumaini barua hii itapata njia. Wiki tano sijasikia neno kutoka kwenu. Gazeti limetoa picha za mabonde yenu, nyumba zinaonekana mabomba tu. Nimejaribu simu ya dukani kwa Alderson, wanasema nyaya zimeanguka. Mnazo kuni? Kondoo wangapi mmepoteza?

Nimefika O. Hapo nimekwama, na nakuandikia hili nikiwa na hofu kuliko hasira.

Kuna kadi ya neno "ollan". Mwandiko ni wako. Maana uliyoandika ni: "Neno la kumkaribisha mtu aliyekawia kurudi." Shahidi ni J. Harker, miaka 78. Shahidi wa pili hayupo.

Kaka, Baba alimrudisha mchungaji na neno la shangazi yake. Baba hajawahi kujihesabu kuwa shahidi hata mara moja katika kadi elfu moja na mia nne nilizozipiga taipu. Hawezi kuweka kadi hii sandukuni, akiwa na akili zake.

Ndipo nikarudi kulisoma lile jibu la "heaf". Lina sentensi nne. Katika kadi zake zote hakuna hata moja inayozidi sentensi mbili. Na Baba hawezi kusema kondoo amenyolewa "kwa mtindo wa huko". Huo ni utani. Baba hatanii kwenye maana ya neno.

Baba ana nini? Niambie ukweli, hata kama ni mchungu. Hasa kama ni mchungu.

Dada yako,
Thora


TELEGRAMU
20 Februari 1963

BABA AMEFARIKI JANA. BARABARA IMEFUNGWA USIJARIBU KUJA. BARUA INAFUATA. AMBROSE


Skellgarth,
5 Machi 1963

Mdogo wangu Thora,

Leo sina tangazo.

Natumaini Mungu amekutia nguvu. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako ya tarehe tatu Februari imenifikia juzi, katapila la halmashauri lilipofungua njia mpaka kanisani, na buli limekuja nayo, halina hata ufa. Limemkosa Baba kwa siku kumi na mbili. Nimeliweka mezani na ninalizunguka.

Nitakuandikia yaliyotokea kama yalivyotokea. Uliniambia nisiongeze sukari nikaongeza. Haya hayana.

Swali lako kuhusu "heaf" nilimsomea Baba tarehe mosi Desemba. Alikuwa mzima, na maneno yake yote anayo. Alilisikiliza, akasafisha kiko chake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hilo si swali la kitabu." Akavaa buti akaenda kwa kondoo. Siku nane hakulitaja tena. Nami sikumsukuma, unajua jinsi ninavyoogopa kumsukuma.

Jumapili tarehe tisa, asubuhi, alishuka amevaa koti lake la kanisani, saa nzima kabla ya wakati. Akakaa kwenye kiti chake. Akasema, "Lete kalamu. Nina jibu la Thora."

Kalamu ilikuwa imekauka. Nilikwenda kutafuta wino kwenye chumba cha vyakula, kule alikokuwa akiuweka usigande. Wino niliuona mara moja. Lakini kulikuwa na jibini imekatwa, nami sikuwa nimekula, nikasimama pale nikala kipande. Kisha nikala kingine. Dakika nne labda, au tano. Niliporudi alikuwa sakafuni kando ya kiti, macho wazi, upande wa kulia wote umekufa, na alikuwa akijaribu kusema kitu.

Daktari alisema ni kiharusi. Akasema tusimhamishe, na kwamba wengine hupata tena maneno yao baada ya miezi mitatu minne. Hiyo miezi ndiyo niliyoishika. Nilihesabu nikafika Pasaka. Nikajiambia: Thora asije sasa akakuta baba asiyesema, baada ya miaka tisa ya kumngoja aseme. Aje Pasaka amkute na sauti yake.

Kisha ikabidi nijibu barua yako. Kuna jibu alikuwa nalo mdomoni, nami nililipoteza kwa ajili ya jibini. Nikatunga lingine. Nililiandika mara tatu. Nilijua ni refu mno, lakini kila nilipojaribu kulifupisha lilisikika kama la mtu asiyekupenda, na hilo sikuweza kulituma. Kwa hiyo lango na komeo ni maneno yangu. Hata kufaulu ni kwangu. Tarehe mosi, nilipomsomea habari ya yule kondoo na yai, aliitikia kwa kichwa tu, na sijui aliitikia nini.

Lililo baya kuliko yote ni hili. Theluji ilianguka siku moja baada ya Krismasi. Kuanzia tarehe tisa mpaka siku hiyo zilikuwa siku kumi na saba, treni zinatembea na barabara iko wazi. Ungeweza kuja mara tatu na kurudi. Nilikuandikia usije, nikasingizia bomba la moshi. Ulikuwa na siku kumi na saba za baba yako na mimi nilizitumia. Sina namna ya kuzirudisha. Nimejaribu kukuomba radhi kwenye karatasi nne, na zote nimezitia motoni kwa sababu zilikuwa zinachekesha, na sikukusudia zichekeshe.

Sasa kuhusu "ollan".

Siku ya tatu baada ya kuanguka alipata sauti tena, lakini ilitoka na neno hilo moja. Alilisema kwa chai. Alilisema kwa mbwa. Siku moja alikiambia chungu cha mkojo, kwa heshima kabisa. Halimo katika kadi zake, na Bi Ibbotson, ambaye familia yao imekaa bonde hili kabla ya kanisa, hajawahi kulisikia. Sidhani ni neno. Nadhani ni kile kilichobaki pale maneno mengine yote yalipobomoka. Ile maana niliyoiandika niliitunga mimi, na kumweka Baba shahidi wa neno lake mwenyewe ni kosa ambalo angenifukuza nalo jikoni. Hata katika kudanganya sikuweza kumbandika mzee wa watu ambaye hakulisikia. Nikaacha pengo. Ukaliona.

Lakini kuna jambo lilitokea, na nakueleza hili bila kuligusa.

Barua yako ya Krismasi ilifika tarehe ishirini na mbili Januari. Mtu wa posta aliileta akitembea juu ya kuta za mawe, maana njia zenyewe zilikuwa zimefukiwa. Bi Ibbotson alikuwa amehamia kwetu kunisaidia kumgeuza Baba kitandani. Reuben Alderson alikuwa amekuja na maziwa, anaota moto. Ilikuwa saa saba mchana. Niliisoma kwa sauti, mbele yao wote, polepole kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye daftari lako la maneno mia mbili na kumi, Baba alinyosha mkono wa kushoto. Nikadhani anataka maji. Bi Ibbotson akasema, "Anataka karatasi, Ambrose, acha ujinga."

Nikampa. Aliishika kifuani muda kidogo. Kisha akaanza kuhangaikia sanduku lililokuwa kando ya kitanda. Nikataka kumsaidia, Reuben akanishika bega akasema, "Mwache. Simama pale pale." Nikasimama. Ilimchukua muda mrefu sana, Thora. Barua ilimwanguka mara mbili. Hatimaye aliipachika katikati ya kadi, akaisukuma kwa kiganja mpaka ikakaa sawa na nyingine. Akalala chali akifumba macho, akasema, "Ollan."

Hakuna aliyemuuliza kitu.

Baadaye niliangalia alipoiweka. Ni kwenye H, nyuma ya "heaf". Nilitaka kukuandikia kwamba alipachagua. Lakini hilo ndilo sanduku lililokuwa karibu, na pengine ndipo mkono wake ulipofikia. Alikuwa haoni vizuri. Sijui. Ninachojua kwa hakika ni kwamba aliipachika mwenyewe, na kwamba watu wawili walimwona na kumsikia.

Aliondoka tarehe kumi na tisa Februari, kabla ya chakula cha mchana, nikiwa nimemshika. Safari hiyo sikuwa nimetoka. Tulimpeleka kanisani kwa sileji ya nyasi, ile ya kuburuta isiyo na magurudumu, wanaume sita, na ardhi ilichimbwa kwa sururu siku mbili. Mchungaji alisoma, akasahau mstari, akaniangalia. Nami sikuukumbuka.

Kadi za P hadi mwisho nimezifungasha pamoja na hii. Bwana Spensley amesema atangoja hata ikipita Machi. Kama hutaki tena kupiga taipu, au hutaki tena kuniandikia, nitaelewa, na sitakuja na utani mlangoni kwako.

Ile kadi ya "ollan" niliyokutumia ichane. Nimeandika nyingine. Mimi sifai kuwa shahidi, nina miaka kumi na minane pungufu. Juzi nilikwenda kwa Bi Ibbotson, jana kwa Reuben, kila mmoja nyumbani kwake. Kila mmoja alilitaja mwenyewe bila mimi kuuliza. Bi Ibbotson alikuwa akinimiminia chai, Reuben alikuwa akifunga lango.

Imeandikwa hivi:

OLLAN.
Shahidi: Agnes Ibbotson, miaka 81.
Shahidi: Reuben Alderson, miaka 76.
Maana:

Hapo sijaandika kitu. Kalamu nimeifunga pamoja na kadi, na nimeijaza wino.

Kaka yako,
Ambrose